Ulimi wa Mama Skola

Kabla Mwalimu Nestori hajakwenda semina Kasulu, watu wa Makere walikuwa wakifa kwa utaratibu unaojulikana: uzee, malaria na bodaboda. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtu anaweza pia kufa kwa utii.

Nestori alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mrefu, mwembamba kama chaki ambayo haijaanza kutumika, na ndiye aliyekuwa mwinjilisti wa kanisa dogo la bati lililo juu ya barabara. Alikaa semina siku nne. Akarudi na cheti, daftari lililojaa wino mwekundu, na uso wa mwanafunzi aliyeuona mtihani kabla ya wenzake. Mada ilikuwa saumu katika Biblia, na mwaka ule Makere iliihitaji mada hiyo kuliko mahali popote. Mvua ilikuwa imechelewa wiki tano. Mahindi yaliyopandwa kwa matumaini yalikuwa yamekauka yakawa karatasi. Kila alasiri mawingu yalijikusanya juu ya milima ya Burundi, upande wa Manyovu, yakanguruma kwa sauti ya chini kama wazee wanaojadili jina la mtu, kisha yakatawanyika.

Jumapili ile Nestori alitundika ubao mbele ya waumini, akauchora mistari minne bila rula. Miaka thelathini na mitano ya kufundisha ilikuwa imempa mkono huo. Watu walisema ukiweka yai juu ya mstari wa Nestori, haliviringiki.

"Saumu," alisema, "si kushinda njaa. Kushinda njaa hata mwizi aliye mahabusu anashinda. Saumu ni kumwambia Mungu: tumbo langu limenyamaza, sasa nisikie mimi."

Watu wakaitikia amina. Na haki itendeke, alifundisha vizuri. Alieleza saumu ya Danieli, aliyeacha nyama na divai akala mboga. Alieleza ya Esta, siku tatu bila chakula wala maji. Alisoma pia maneno ya nabii kwamba saumu anayoipenda Bwana ni kumgawia mwenye njaa chakula chako, lakini hapo alipita haraka kidogo, maana muda ulikuwa unakwenda na yeye alikuwa na safari ya Ninawi.

"Ninyi," akasema, akigonga ubao kwa kidole, "leo mko Ninawi."

"Mimi niko Makere, mwalimu," alisema Pasikali, mfuga nyuki, kutoka benchi la nyuma.

Watu wakacheka. Nestori hakucheka. Aliwangojea kama alivyokuwa akiwangojea darasa la saba, mpaka kicheko kikaona aibu kikakaa chini.

"Ninawi walipewa siku arobaini. Kwa hali ya mashamba haya, sisi tumebakiwa na ngapi? Na mfalme wao alitangaza kwamba mtu asionje kitu, hata maji, wala mnyama asionje kitu. Wote walifunga, na mifugo yao."

"Mbuzi?" mtu akauliza.

"Mbuzi."

"Na kuku?"

Nestori alitazama daftari. Semina haikufika kwenye kuku. "Na kuku," akasema.

"Na nyuki wangu, mwalimu? Maana wale hawasikii mtu."

"Nyuki Bwana atawashughulikia mwenyewe, Pasikali. Wewe shughulika na mbwa wako."

Kisha akashusha sauti, akasimulia habari za Akani. Mtu mmoja, katika taifa zima, alichukua kilichokatazwa akakificha hemani mwake, na taifa zima likapigwa vitani. Wakapiga kura, ukoo kwa ukoo, nyumba kwa nyumba, mpaka wakampata. Wakampiga kwa mawe, wakaweka juu yake rundo kubwa.

"Mmoja akionja, wote hatujafunga," alisema Nestori. "Na mvua haitakuja. Na tutajua ni nani."

Sentensi ile ya mwisho haikuwa ya wino mwekundu. Aliitoa kichwani, na ndiyo iliyokwenda nyumbani na watu.

Kwenye benchi la pili, Mama Skola aliisikia ikimwingia mgongoni. Jina lake la ubatizo lilikuwa Skolastika. Alikuwa mpishi wa kanisa kwa miaka ishirini na miwili, na alikuwa anamlea mjukuu wake, Chantal, wa miaka minane, aliyekaa pembeni yake akihesabu kwa vidole ni milo mingapi itakayopotea. Harusi zote na misiba yote ya Makere ilipita kwenye sufuria za mwanamke huyu. Lakini sifa yake haikuwa mikono. Sifa yake ilikuwa ulimi.

Makere hupanda muhogo mchungu, kwa sababu nguruwe mwitu haupendi na mwizi anauogopa. Kuna na ule mtamu, wa kutafuna mbichi, na huo unafanana na mchungu kama pacha na pacha. Mchungu lazima ulowekwe kwenye maji siku nne au tano mpaka ulainike, ndipo umenywe, uanikwe, usagwe. Ukiufanyia haraka, unakula sumu. Na mwaka wa jua kali muhogo hununa zaidi. Hata siku tano zinaweza zisitoshe. Jicho haliwezi kusema lini sumu imetoka. Kidole kinakisia. Anayejua ni ulimi, na Makere nzima ilikubaliana ni ulimi wa nani. Mama Skola alikuwa akimega kipande, anakiweka kati ya meno, anahesabu mpaka kumi, anatema. Kisha anatoa hukumu: "Anika," au, "Bado siku mbili." Hukumu hiyo haikuwa na rufaa, hata kwa mwenyekiti wa kijiji.

Ikaamuliwa kwamba saumu ianze Alhamisi jua likizama, iishe Jumapili baada ya ibada, na waumini wote wafungue pamoja kwa ugali wa muhogo na maharage. Muhogo utoke kila nyumba, kapu moja moja. Wazee wa kanisa walilijadili jambo hilo kwa makini sana, ndiyo maana makapu yalifika Jumanne alasiri.

Mama Skola alimfuata Nestori uani, kwenye mapipa. "Mwalimu, muhogo ulioingia majini Jumanne hauliwi Jumapili."

"Kwa kawaida, mama."

"Na umechanganyika. Kuna walioleta mtamu, kuna walioleta mchungu. Humu ndani ya pipa wote ni ndugu."

"Alhamisi utatoka majini, Ijumaa na Jumamosi utaanikwa. Jua hili la mwaka huu linakausha hata mawazo." Alisema kwa upole. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo kuwa magumu. "Shambani kuna kitu kingine?"

Hakikuwepo. Mama Skola akaangalia maji ya pipa, ambayo yalikuwa hayajaanza hata kutoa povu, akaanza kuyafunika mapipa.

Alhamisi jioni wanawake sita walitoa muhogo majini. Vidole vya Mama Skola vilisema kabla ya mdomo: ulikuwa bado mgumu katikati, kama mtu anayetabasamu kwa meno. Wenzake wakamngojea. Hata Makarius, mzee wa kanisa aliyekuwa akisimamia, alimtazama yeye. Akamega kipande, akakiinua.

Mkono mwembamba ukamshika kifundo.

"Jua limezama, mama," alisema Nestori.

Wote wakageuka. Kweli, nyuma ya kilima palikuwa na wekundu tu, na jua lenyewe halipo. Kipande kilikuwa kimefika nusu ya njia.

"Natema, mwalimu. Sikuzote natema."

"Imeandikwa asionje. Haikuandikwa asimeze."

Kulikuwa na wanawake watano na mzee wa kanisa mmoja wakitazama, na kila mmoja alikuwa na neno moja kichwani, lile la mtu na rundo la mawe. Mama Skola alilisoma usoni mwao. Alikuwa na shamba kama wao, na mjukuu wa kulisha, na aliitaka mvua kama wao, labda kuwazidi. Akakiweka kipande kwenye ungo pamoja na vingine. Kikajichanganya, kikapotea.

Ijumaa mifugo ilianza kuuliza maswali.

Mbuzi ndio waliotangulia, saa nne asubuhi, banda hadi banda, mpaka ikawa sauti moja inayozunguka kijiji. Ng'ombe wakaingia mchana kwa sauti ya chini. Mbwa wa Pasikali alifungwa kamba kwenye mwembe akala kamba. Kanisani watu waliimba kwa nguvu kuzishinda sauti zile, lakini koo kavu halishindani na ng'ombe. Nestori alifundisha somo la pili, juu ya kunawa uso na kujipaka mafuta ili watu wasijue kwamba umefunga, na waumini, nyuso zao zikiwa zimepakwa mafuta na kung'aa kama sufuria za harusi, walimsikiliza huku mbuzi wakiitangazia wilaya nzima.

Mama Skola alimsukutulisha mjukuu wake mdomo kabla ya kila sala. Kulikuwa na sala nyingi siku ile. Kama tone moja mbili lilikosea njia likaenda chini badala ya nje, hakuna aliyelifuatilia.

Jumamosi mchana mbuzi walinyamaza.

Ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko kelele. Watu walitembea kutoka banda moja kwenda jingine, wakachungulia, wakaondoka. Muhogo ulikuwa umekauka juu ya mabati, mweupe, mzuri, unalia kau ukigongwa. Mama Skola na Chantal wakaupeleka kwenye mashine ya Nurudini, barabarani.

Nurudini alikuwa Mwislamu mwenye duka, mashine ya kusaga, gari dogo la kirikuu, na maneno. Kuku wake saba walikuwa wakizungukazunguka mlangoni, wanene, wenye raha, kana kwamba hawajasikia habari za Ninawi.

"Karibu, mama. Niambie, ni kweli mmefungisha mbuzi?"

"Ni kweli, Baba Firdausi."

"Sisi tunafunga mwezi mzima, na mbuzi wetu wanakula vizuri, na Mungu hajawahi kulalamika." Akamwaga makopa, vile vipande vikavu vya muhogo, kwenye mashine, akachukua kimoja akakinusa. "Huu ulikaa majini siku ngapi?"

"Siku mbili."

Nurudini aliacha kutabasamu. "Umeuonja?"

"Tumefunga."

Shadia, mkewe, aliyekuwa akipepeta mchele kibarazani, akainua kichwa. "Kwetu mpishi aliyefunga akiwa na wasiwasi na chungu anaonja kwa ncha ya ulimi, anatema. Saumu yake iko palepale."

"Kwetu imeandikwa asionje," alisema Mama Skola, akajisikia akiongea kwa sauti ya Nestori.

Mashine ikanguruma. Unga ukatoka, mwingine ukapeperuka ukatua sakafuni, na kuku saba wakaja wakaufagia.

Jumapili Mama Skola alisonga ugali tangu asubuhi, kwenye sufuria tatu kubwa, uani nyuma ya kanisa. Hewa ilikuwa nzito. Ndani Nestori alikuwa akihitimisha. Alikuwa amepanga somo fupi la mwisho, namna ya kufungua saumu bila pupa, alitoe watu wakishaketi na sahani zao. Wanawake walikuwa wanapakua maharage. Watoto walikuwa wamepanga mstari, Chantal wa tatu, sahani ya plastiki kifuani.

Shadia akaingia uani na beseni kichwani, limefunikwa kanga. Hakusalimia. Alilitua mbele ya Mama Skola, akafunua.

Kuku saba, miguu imenyooka.

"Ni kideri," alisema mmoja wa wanawake, haraka.

"Kideri hakiwaui wote usiku mmoja," alisema Shadia. "Jana uliwaona, mama. Walikula nini, uliona pia."

Mama Skola aliwatazama kuku wale. Katika Makere nzima hawa ndio kuku pekee ambao hawakuwa wamefunga. Mwaka wowote mwingine, maganda yangekwenda kwa mbuzi, makombo kwa kuku, kipande kwenye ulimi wake, na sumu ingekuwa imeshajulikana tangu Alhamisi. Safari hii kila mlango ambao onyo lingeweza kupita ulikuwa umefungwa kwa sala. Ulibaki ule wa Nurudini tu.

Mlango wa kanisa ukafunguka. Watu walianza kutoka, polepole, macho yamezama, midomo imepasuka, wakielekea kwenye harufu ya chakula kama watu wanaotembea usingizini. Nestori alikuwa nyuma yao na Biblia. Ibada ilikuwa haijafungwa. Alikuwa bado hajasema amina ya mwisho.

Mama Skola akachovya kidole kwenye ugali, mbele ya watu mia moja na ishirini, akaweka ulimini.

Moja, mbili. Ulikuwa mchungu tangu mbili. Aliendelea kuhesabu hata hivyo, maana kazi ni kazi. Alipofika kumi, ncha ya ulimi ilikuwa imekufa ganzi. Akatema chini.

"Hauliwi," alisema.

Kisha sauti ya mwanamume, kutoka katikati ya watu, ikasema taratibu, "Ameonja."

"Kabla ya amina," alisema mwingine.

"Jamani, watu wa Mungu, mnasikia ninachosema?" Mama Skola alijiwekea mwiko kifuani kama ngao. "Una sumu. Tazameni kuku hawa. Matumbo yenu hayana kitu kwa siku tatu, yataipokea yote."

Nestori alipita katikati yao. Midomo yake ilikuwa imekauka mpaka ikatoka damu kidogo kwenye pembe, kwa sababu alikuwa amefunga kweli, bila kuiba hata tone. Alimtazama Mama Skola kwa huzuni ya mwalimu ambaye mwanafunzi wake bora amekamatwa akiwa na karatasi ya majibu.

"Zilikuwa zimebaki dakika tatu, mama."

"Najua, mwalimu."

"Dakika tatu." Akafunga macho, akasema amina, akayafungua. "Waaminio wameahidiwa kwamba hata wakinywa kitu cha kufisha hakitawadhuru. Au tuliamini mambo mengine tukaliacha hilo? Nipe sahani."

"Sikupi."

Akapakua mwenyewe. Mama Skola alimshika mkono, palepale pa kifundo alipokuwa ameshikwa yeye siku ya Alhamisi, lakini Makarius akamtoa. Nestori alikaa kwenye kiti chake cha mwalimu, akanawa, akamega, akala. Alikula sahani nzima, kwa utulivu, maana hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu. Kisha akafuta vidole.

"Nyote mmeona," alisema. "Haya, kuleni."

Mstari ukasogea hatua moja. Mama Skola akapanda juu ya jiwe la mafiga, akasimama na miguu yake miwili mbele ya sufuria, mwiko mkononi.

"Mmefunga siku tatu," alisema. "Mtafunga na saa moja nyingine. Kivuli cha nguzo ya kengele kikifika ukutani na mwalimu bado anasimama, nitawapakulia mwenyewe, halafu mniite jina mnalotaka. Kabla ya hapo, atakayetaka kula ataanza na mwiko huu."

Walisimama. Walikuwa na njaa, lakini walikuwa wamezoea kutii, na wote walikuwa wameiona ile miguu ya kuku iliyonyooka.

"Nitatumia muda huo kufundisha," alisema Nestori. Akaagiza ubao uletwe uani.

Hakuna somo lililowahi kusikilizwa Makere kama lile. Watu mia moja na ishirini walikaa chini juani na sahani tupu mapajani, hawamtazami machoni, wanatazama mkono wake. Aliandika kichwa cha somo: NAMNA YA KUFUNGUA SAUMU. Herufi zilikuwa kama za kitabuni. Akaeleza kwamba mtu aanze na maji ya uvuguvugu. Akaandika mstari wa kwanza, umenyooka. Kivuli cha nguzo kilikuwa kimepita nusu ya ua.

Akaeleza kwamba mtu asile kwa pupa. Alijifuta jasho kipaji cha uso kwa mkono, na chaki ikamwachia alama. Akaandika mstari wa pili.

Mstari ulianza juu, ukaenda vizuri mpaka katikati, kisha ukaanza kushuka.

Watu waliuona wote. Nestori hakuuona. Aliandika wa tatu, nao ukashuka zaidi, herufi zikilala moja juu ya nyingine kama watoto wanaosinzia, na alikuwa anahema kama mtu aliyepanda kilima. "Tatu," alisema, "mtu ashukuru kabla ya... ashukuru..." Akaweka kiganja ubaoni. "Nani amefunga madirisha?"

Hapakuwa na madirisha. Walikuwa nje.

Chaki ilianguka kwanza, ikavunjika. Kisha yeye. Alitapika akiwa chini, miguu ikipiga udongo, na Makarius alikuwa akilia kama mtoto huku akiita jina lake. Shadia alikuwa tayari yuko barabarani akimwita mumewe. Kirikuu kikaja kinyumenyume mpaka mlangoni mwa kanisa; wakampandisha, kichwa mapajani mwa Makarius, na Nurudini akaondoka kuelekea Kasulu kwa mwendo ambao vumbi lake lilikaa hewani muda mrefu baada ya mlio wa gari kupotea.

Mama Skola alishuka kwenye jiwe. "Pasikali," alisema, "shika sufuria upande huo."

Wakamwaga ugali wote kwenye shimo la takataka. Wakati huohuo mtu fulani, kwa huruma, alikuwa amepita akifungua mabanda, na mifugo ya Makere ikatoka na njaa yake ya siku tatu, ikanusa, ikaja mbio. Ikabidi waumini wakate fito, wazunguke shimo, bega kwa bega, wenye njaa wakiwazuia wenye njaa. Walipiga mbuzi wao wenyewe puani huku machozi yakiwatoka, mpaka Pasikali na vijana wakamaliza kufukia.

Walikuwa bado wamesimama kwenye duara lile, fito mikononi, ngurumo ilipopiga. Safari hii ilikuwa ngurumo ya kweli. Wakageuka wote. Upande wa Manyovu mbingu ilikuwa nyeusi, na chini yake mvua ilikuwa ikishuka kama pazia, nene, ya baraka, juu ya milima ya Burundi, ambako hakuna aliyekuwa amefunga. Waliitazama robo saa. Haikuvuka.

Mmoja baada ya mwingine waliacha kutazama mvua, wakamtazama Mama Skola.

Jioni Makarius alipiga simu kutoka Kasulu. Mwalimu yuko hai. Amewekewa maji, anaongea.

Jumatatu asubuhi Chantal alikuta jiwe mlangoni mwa ua, la ukubwa wa ngumi, limewekwa vizuri katikati ya njia. Mama Skola alisema labda limeporomoka. Jumanne yalikuwa manne. Hakuna kilima juu ya nyumba yao.

Mvua haikuja. Kisimani wanawake walimpisha Mama Skola bila kumsalimia, wakimwachia nafasi kubwa kuliko inayohitajika. Alhamisi mawe yalikuwa kumi na saba, yamejipanga kuwa rundo. Na mchana wa siku hiyohiyo, mke wa Makarius alikuja, akaliruka lile rundo kwa kuinua kanga, akatoa kwenye fundo la nguo kipande cha muhogo uliolowekwa. Hakusema shikamoo wala habari. Alinyoosha mkono tu. Mama Skola alimega, akahesabu, akatema.

"Bado siku mbili."

Mwanamke akaondoka. Nyuma yake akaja mwingine, na jioni mwingine. Wote waliruka rundo. Hakuna aliyeliondoa, na mmoja, Mama Skola alimwona kwa pembe ya jicho, aliongeza moja wakati wa kutoka.

Jumapili Nestori alikuwa kanisani, amepungua nusu, anashikilia meza. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilifika kila pembe kwa sababu hakuna aliyekuwa anapumua. Alisema amekula kitu cha kufisha, na tazameni, hakikumdhuru hata akafa; kwa hiyo ahadi ni ya kweli, na mafundisho yote ni ya kweli. Kilichokosekana ni kimoja. Saumu ilivunjwa na mtu mmoja, dakika tatu kabla ya mwisho. Hakumtaja. Alitazama benchi la pili kwa upendo mkubwa.

"Tutaanza upya," alisema. "Ijumaa ijayo, jua likizama. Siku saba."

Aligeuka akachora mstari ubaoni. Ulinyooka kabisa.

Mama Skola alitoka kanisani akaenda moja kwa moja shambani kwake. Aling'oa muhogo mpaka mgongo ukakataa, akaubeba, akaujaza kwenye pipa lililokuwa nyuma ya nyumba, akamwaga juu yake maji aliyoyabeba ndoo kwa ndoo kutoka kisimani. Jumapili mpaka Ijumaa: siku tano. Angeuonja Ijumaa jua likiwa juu, na ungebaki na wiki nzima ya kukauka. Wakifungua, watafungua kwa huu. Na kama utahitaji kuonjwa tena, utaonjwa.

Muhogo ulikuwa unaelea. Muhogo unaoelea haulainiki sawasawa. Lazima ukandamizwe chini ya maji. Mama Skola alitafuta kitu kizito uani, hakukiona. Kisha akaenda mlangoni.

Yalikuwa mawe mazuri, ya mtoni, laini, ya uzito unaofaa. Aliyabeba kwenye kanga, akaanza kuyapanga moja moja juu ya muhogo.

"Bibi," alisema Chantal, "hayo si ya watu?"

"Ni ya watu. Na muhogo ni wa watu."

Alipoweka la mwisho, upande mmoja wa muhogo ulikuwa bado unaelea. Nyuma yao, mlangoni, kitu kikatua chini, puu, na nyayo zikaondoka haraka barabarani. Chantal akamtazama bibi yake. Mama Skola hakugeuka.

"Nenda," alisema. "Kalete na hilo."